Mayai ya Kuchangiwa: Kabla ya Kupandikizwa Tena

Tarehe 29 Novemba 2023, katika hospitali moja ya uzazi jijini Kampala, mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha kwa upasuaji, wa kiume na wa kike. Yai lilikuwa la mwanamke mwingine, mbegu ni za mwenzi wake. Redio na magazeti ya dunia nzima yakashikilia umri wake, na hayalaumiwi, maana si kila siku bibi huingia leba. Mambo mawili yalitajwa pembeni tu. La kwanza, hiyo haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 2020 alikuwa amezaa binti. La pili, mapacha hao walikuwa njiti wa wiki 31, wakawekwa kwenye mashine ya joto.

Kwa msomaji mwenye miadi ya kliniki ya uzazi, mambo hayo mawili yana uzito kuliko umri. Yai la msichana linaweza kushika katika mji wa mimba wa mtu mzima, tena zaidi ya mara moja. Ila mimba ikishashika, yai limemaliza sehemu kubwa ya kazi yake; kinachobaki ni presha, figo, moyo na kizazi cha aliyeibeba. Wengi humalizia nguvu na akiba zao kwenye nusu ya kwanza, wakaifikia ya pili wamechoka na mfuko umetoboka. Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kupandikizwa mara moja au mbili kwa mayai ya kuchangiwa na anataka kurudi, iwe mara ya kwanza haikushika, mimba iliharibika, au alipata mtoto na sasa anamtafutia mdogo wake.

Tiba yenyewe si ya jana. Mwishoni mwa 1983, timu ya Alan Trounson na Carl Wood wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ilimzalisha mwanamke ambaye ovari zake zilikuwa zimekoma kufanya kazi akiwa bado kijana. Habari ikachapishwa 1984. Mwaka 1990, Mark Sauer, Richard Paulson na Rogerio Lobo wa California walitoa ripoti ya wanawake wachache wenye miaka 40 hadi 44 waliopata mimba kwa mayai ya wasichana. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kinachozeeka haraka ni yai, wala si mji wa mimba. Takwimu za kliniki za Marekani zimekuwa zikisema hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka: kwa mayai ya kuchangiwa, karibu nusu ya upandikizaji huishia na mtoto hai, na mpokeaji wa miaka 45 hapungukiwi sana na wa miaka 35. Anayetumia mayai yake mwenyewe baada ya miaka 42 hupata mtoto chini ya mara moja kati ya kumi kwa kila mzunguko wa kutoa mayai.

Asilimia 70 ya nini?

Tangazo la kliniki likisema "mafanikio asilimia 70", swali la kwanza ni hilo. Kuna ngazi nne zinazochanganywa, mara nyingine kwa makusudi. Ya chini ni kipimo cha damu kusoma chanya, siku tisa hadi kumi na nne hivi baada ya kupandikizwa. Inayofuata ni mfuko wa mimba kuonekana kwenye ultrasaundi. Kisha mapigo ya moyo, wiki ya sita au ya saba. Ya juu ni mtoto hai mikononi. Kila ngazi huwaacha wengine nyuma, kwa hiyo kliniki inayohesabu ngazi ya kwanza itaonekana bora kuliko jirani yake anayehesabu ya nne, hata kama wodi ya wazazi haioni tofauti yoyote.

Halafu uliza wamegawanya kwa nini. Kwa kila upandikizaji? Kwa kila mchangiaji aliyetolewa mayai, pamoja na viinitete vyote vilivyogandishwa vikatumika baadaye? Au kwa kila mwanamke aliyeanza tiba, wakiwemo walioishiwa fedha katikati? Anayefikiria kurudi anahitaji tarakimu ya pili: watoto hai kwa kila mzunguko mmoja wa mchangiaji. Nayo iwe ya miaka miwili mitatu ya karibuni, ya kliniki hiyo hiyo, bila kuazima takwimu za Ulaya zilizobandikwa ukutani.

Hesabu ya kurudia

Kama upandikizaji mmoja una nafasi ya asilimia 45, watu mia wakianza, 45 watapata mtoto. Waliobaki 55 wakirudi na nafasi ikawa ile ile, jumla inafika kama 70. Wakirudi mara ya tatu, inafika 83. Hiyo ni hesabu ya karatasi, lakini haiko mbali na yaliyoonekana kliniki. Mwaka 1997 timu ya José Remohí wa Valencia, Hispania, ilitoa matokeo ya wanawake karibu mia nne waliopokea mayai ya kuchangiwa. Baada ya upandikizaji wa nne, mimba zilizojumlishwa zilikadiriwa karibu asilimia 95, na waliojifungua karibu asilimia 89.

Tarakimu hizo hutia moyo, na zina kona zake. Wanatakwimu, wanapojumlisha hivyo, huchukulia kwamba aliyeacha njiani angekuwa na bahati sawa na aliyeendelea. Hali halisi haiko hivyo kila mara. Mwenye viinitete vizuri vilivyobaki kwenye friza huendelea. Mwenye ukuta wa kizazi usiojengeka mara nyingi daktari humwambia apumzike. Ndiyo maana mtafiti makini hutoa makadirio mawili, moja la matumaini na moja la tahadhari, linalohesabu kila aliyeacha kuwa hakupata. Ukweli hukaa katikati.

Hata hivyo funzo kuu limesimama imara: kukosa mara moja kwa yai la kuchangiwa si dalili ya ugonjwa. Kama nusu ya majaribio mazuri hushindwa, basi mtu mmoja kati ya wanne atashindwa mara mbili mfululizo bila kasoro yoyote mwilini. Utafiti wa Marekani wa 2021 uliofuatilia zaidi ya wanawake elfu nne waliowekewa viinitete vilivyothibitishwa kuwa na kromosomu kamili, kimoja kimoja, ulikuta kwamba baada ya upandikizaji wa tatu, mimba zilizoshika na kuendelea zilifikia takriban asilimia 95. Mji wa mimba unaokataa kila kitu upo, ila ni nadra kuliko uvumi wa vyumba vya kusubiria.

Karatasi ya maabara

Kila aliyepitia mzunguko ana haki ya karatasi moja ambayo wachache huiomba: ripoti ya viinitete. Tuseme mchangiaji alitoa mayai 12. Yaliyokomaa, 9. Yaliyorutubishwa vizuri, 7. Yaliyofika siku ya tano, 3. Kimoja kikapandikizwa, viwili vikagandishwa. Namna hiyo ya kupungua ni ya kawaida kabisa, na anayeielewa hatashtuka akiambiwa mayai 12 yamezaa majaribio matatu.

Karatasi hiyo ndiyo inayosema tatizo lilianzia wapi. Mayai mengi yakikomaa lakini machache yakirutubishwa, tazama upande wa mbegu: yai lilibadilishwa, mwanamume ni yule yule. Yakirutubishwa vizuri kisha yakasimama siku ya tatu, swali ni la mayai, mbegu au maabara. Vikifika siku ya tano vikiwa vizuri na bado havishiki, sasa ndiyo zamu ya kizazi kuchunguzwa. Mtu anayerudi bila karatasi hii anarudia kamari ile ile kwa bei ile ile.

Umri wa mchangiaji una uzito kuliko sura yake. Vyama vingi vya madaktari hupendelea awe chini ya miaka 35, na yai lililogandishwa kwa njia ya kisasa ya haraka halipungui sana. Jaribio la Hispania lililochapishwa 2010, lenye wapokeaji 600, lilikuta mimba zinazoendelea karibu sawa kati ya mayai mabichi na yaliyogandishwa, asilimia 42 hivi dhidi ya 44. Hivyo benki ya mayai si chaguo la daraja la pili, mradi uulize ni mayai mangapi kwenye fungu unalonunua.

Kwa wakazi wa ukanda wa Ziwa na Pwani kuna kipimo kingine kisichosubiri: selimundu. Baba akiwa na AS (mbebaji tu) na mchangiaji akiwa na AS, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, yaani mgonjwa. Kipimo ni cha damu, cha bei nafuu ukilinganisha na bili nyingine zote, na kinapaswa kufanywa kabla ya kumkubali mchangiaji. HIV, homa ya ini na kaswende hupimwa karibu kila mahali. Selimundu ndiyo wakati mwingine husahaulika, hasa mayai yanapotoka nchi ambako ugonjwa huo ni nadra.

Wanaosafiri kwenda India, na Waafrika Mashariki wanaokwenda huko ni wengi, wajue sheria ya 2021. Mchangiaji awe na miaka 23 hadi 35, achangie mara moja tu maishani, na yasitolewe mayai zaidi ya saba. Mpokeaji asizidi miaka 50. Sheria hiyo inamlinda mchangiaji, na ni vizuri, lakini inabadilisha hesabu ya mpokeaji: mayai saba yanaweza kuzaa viinitete viwili vya siku ya tano, au kimoja. Anayetaka watoto wawili kutoka kwa mchangiaji mmoja hatampata tena baada ya mwaka. Nafasi yake ni vile vilivyogandishwa tu.

Ikishindikana mara mbili

Kabla ya kulipia mchangiaji mwingine, kizazi kitazamwe kwa ndani. Hapa kwetu sababu zinazojificha ni za kawaida. Uvimbe wa kizazi, ambao wanawake wa Kiafrika huupata zaidi na mapema zaidi, huzuia hasa ule unaochomoza ndani ya mji wa mimba. Ulio nje ya ukuta mara nyingi unaweza kuachwa. Mirija iliyoziba na kujaa maji, masalia ya maambukizi ya zamani kama klamidia, hurudisha majimaji yake kwenye mji wa mimba na kupunguza nafasi kwa kiasi kikubwa. Kuikata au kuifunga kabla ya kupandikizwa huongeza mafanikio. Makovu baada ya kusafishwa kizazi, kinyama kidogo ndani ya ukuta, na kifua kikuu cha kizazi kisicho na kikohozi ni wageni wengine wa kutafutwa. Daktari ataingiza kamera nyembamba, au atafanya ultrasaundi baada ya kuingiza maji ya chumvi kidogo ndani. Uchunguzi huo si kitu cha kifahari, na mara nyingi ndio wenye thamani kuliko vyote vilivyo kwenye bili.

Ongeza tezi ya shingo, sukari na uzito. Ukuta wa kizazi ukifika milimita 7 au zaidi madaktari wengi huridhika. Ukikwama chini ya hapo kila mara, swali la kwa nini liulizwe kabla ya kiinitete kuyeyushwa.

Sasa upande wa pili wa bili, ambako majina magumu hukaa. Kukwaruza ukuta wa kizazi ili kiinitete kishike: jaribio kubwa la 2019 lenye wanawake zaidi ya 1,300 lilipata watoto hai asilimia 26.1 kwa waliokwaruzwa na asilimia 26.1 kwa ambao hawakukwaruzwa. Kipimo cha kukata kinyama ili kujua saa kamili ya kupandikiza: jaribio la Marekani la 2022 halikuona faida, waliopangiwa saa kwa kipimo hicho walipata asilimia 58.5, na ambao hawakupangiwa 61.9. Vidonge vya prednisoni kwa walioshindwa mara kwa mara: jaribio la China la 2023 lilipata karibu asilimia 38 kwa waliopewa na asilimia 39 kwa ambao hawakupewa, huku watumiaji wakizaa njiti zaidi. Kupima kromosomu za viinitete kuna maana kwa mayai ya mwanamke wa miaka 41. Kwa mayai ya msichana wa miaka 24 faida yake ni ndogo, maana mengi yako sawa tayari. Mamlaka ya uzazi ya Uingereza, HFEA, huweka madaraja ya nyongeza hizi hadharani kufuatana na ushahidi, na msomaji wa Dodoma au Mombasa anaweza kuyasoma bure kabla ya kutia sahihi.

Daktari anayependekeza nyongeza si lazima awe mwizi. Mbele yake amekaa mtu anayelia akitaka kitu kipya kifanywe. Lakini fedha ya nyongeza tatu mara nyingi ingetosha kulipia upandikizaji mmoja wa ziada, na huo ndio uliothibitishwa kuongeza nafasi.

Kimoja kimoja

Kishawishi cha anayerudi ni kusema, "Weka vitatu, kimoja kitashika." Kwa mayai ya kuchangiwa ushauri huo ni mbaya kuliko kwa mayai mengine yote, kwa sababu viinitete ni vya wasichana na hushika kweli. Mapacha huonekana kama faida ya bei moja, hadi wiki ya 31. Presha hupanda zaidi, mtoto hupungua uzito, na bili ya chumba cha njiti inaweza kuzidi gharama ya urutubishaji wa maabara (IVF) wenyewe. Kiinitete kimoja cha siku ya tano, kingine kikisubiri kwenye friza, hutoa jumla inayokaribiana na viwili kwa pamoja. Tofauti ni muda tu.

Chumba cha upandikizaji chenyewe hakitishi. Kibofu kimejaa maji ili picha ionekane, mtaalamu wa maabara anasoma jina na namba kwa sauti, mgonjwa naye anataja lake, mrija laini kama uzi mnene unapita, na kwenye skrini linaonekana doa jeupe la hewa likitulia. Dakika chache, basi. Kulala chali siku tatu baadaye hakuongezi kitu. Kusahau dawa ya projesteroni ndiko kunakodhuru. Mwenye mzunguko uliotengenezwa kwa dawa hana homoni hiyo mwilini mwake, kwa hiyo akiacha vidonge kwa kuwa kipimo kimesoma chanya, au kwa kuwa ameona tone la damu, anaweza kuipoteza mimba iliyokuwa nzima. Dawa huendelea hadi wiki ya 10 au 12, na ni daktari anayesema lini iachwe.

Mimba yenyewe

Hapa ndipo miongozo mingi huishia, na hapa ndipo ilipaswa kuanza. Mtoto wa yai la kuchangiwa ni mgeni kamili kwa kinga ya mama: hata nusu ya chembe za urithi si yake. Kondo la nyuma hujengeka likiwa katika mazungumzo magumu na mwili uliolipokea. Uchambuzi wa 2016 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta uwezekano wa prieklampsia, ile presha ya mimba inayotangulia kifafa cha mimba, ukiwa takriban mara mbili na nusu ya ule wa wanaotumia mayai yao katika IVF, na zaidi ya mara nne ukilinganishwa na waliopata mimba kawaida. Umri unachangia lakini hauelezi yote. Hata wapokeaji vijana wamo. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kuzaa kabla ya wakati na upasuaji pia huongezeka.

Kuna hatua tatu ambazo anayepandikizwa tena anaweza kuzidai.

Aspirini ya dozi ndogo ni ya kwanza. Katika jaribio la ASPRE la 2017, wajawazito waliokuwa katika hatari walipewa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36. Prieklampsia ya kabla ya wiki ya 37 ilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Wanawake hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya mayai ya kuchangiwa, ila mpokeaji wa mayai hayo, hasa aliyepita miaka 40 na mwenye mimba ya kwanza, hukusanya vigezo vinavyowafanya madaktari waiandike. Asijiandikie mwenyewe, aulize mapema, kwa sababu ikianzishwa wiki ya 20 nafasi nzuri imeshapita.

Ya pili ni kwa wale tu ambao bado wanaona hedhi. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha presha zaidi kwa waliopandikizwa katika mzunguko wa dawa tupu, ambamo hakuna yai lililopevuka na hivyo hakuna tezi ndogo inayobaki kwenye ovari ikitoa homoni zake. Uliza kama upandikizaji unaofuata unaweza kufuata mzunguko wa asili. Aliyekoma hedhi hana chaguo hilo.

Ya tatu haigharimu shilingi, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mjamzito anafika kliniki ya wajawazito, muuguzi anamkaribisha, "Mama, hii ni mimba ya ngapi?" na anajibu kwa sauti ya chini. Neno IVF halitajwi, sembuse yai la kuchangiwa; wifi anafanya kazi wodi ya pili. Kadi inaandikwa kama ya mimba yoyote ile. Kwa sentensi moja, aliyeomba kuzungumza faraghani angebadilisha matunzo yake yote: "Sista, mimba hii ni ya IVF, yai ni la kuchangiwa, naomba habari hiyo isisomwe na mtu asiyehusika."

Sentensi hiyo inarekebisha mambo mengi kwa mkupuo. Tarehe ya kujifungua haitahesabiwa kwa hedhi ya kubahatisha. Kwa kiinitete cha siku ya tano ni siku 261 tangu kupandikizwa. Hatari ya mtoto kuwa na ugonjwa wa Down itahesabiwa kwa umri wa mchangiaji siku alipotoa mayai. Mama wa miaka 46 aliyetumia yai la msichana wa miaka 25 akijazwa kwenye fomu kwa umri wake, ataletewa majibu ya kutisha yasiyo na msingi. Mama mwenye kundi la damu hasi atafuatiliwa bila kudhania kundi la mtoto. Na presha yake haitapuuzwa kwa maneno ya "ni wasiwasi tu, mama".

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane kwa mjamzito yeyote. Mwenye yai la kuchangiwa ahesabu hayo kuwa ya chini kabisa, na kuanzia wiki ya 24 awe na mashine ya presha nyumbani ikiwezekana. 140 kwa 90 ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia kwa dawa, nyota machoni, uso kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu za kulia: hayo hayasubiri asubuhi. Mpango wa kujifungulia uwe hospitali yenye benki ya damu na chumba cha njiti, hata kama iko mbali na kwa mama mkwe.

Kwa waliopita miaka 45, vipimo vya moyo, presha na sukari vifanywe kabla ya kupandikizwa, na virudiwe kila wanaporudi. Majibu ya miaka mitatu iliyopita ni ya mwili mwingine. Jumuiya ya Marekani ya Tiba ya Uzazi inawataka madaktari wasihimize upandikizaji kwa waliopita miaka 55. Kisa cha Kampala hakijabadilisha ushauri huo.

Mdogo wake

Anayemtafutia mtoto wake mdogo kwa viinitete vya mzunguko ule ule ana hali nzuri kuliko anayeanza upya: mchangiaji mmoja, mji wa mimba uliokwisha kuthibitisha unaweza, na mayai yasiyozeeka. Kiinitete kilichogandishwa 2019 bado kina umri wa 2019. Kinachozeeka ni mama, pamoja na kovu lake la upasuaji. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine. Mwenye miaka 47 atavutana na ushauri huo, na mvutano huo ni wa kuzungumzwa na daktari wa uzazi aliyeiona kadi ya kwanza, hasa kama mara ya kwanza presha ilipanda. Kuna wanaoambiwa wazi kwamba safari hii wasirudie, na hilo pia ni jibu la kitaalamu.

Dini na sheria zina sauti zake. Kwa Waislamu wa Sunni, fatwa ya Al-Azhar ya 1980 iliruhusu IVF kwa mume na mke na ikakataza mtu wa tatu, na nchi nyingi za Ghuba zimeshika njia hiyo. Iran ya Kishia iliruhusu kwa masharti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kanisa Katoliki lilikataza katika waraka wake wa 1987. Uingereza iliondoa usiri wa wachangiaji kuanzia 1 Aprili 2005, hivyo mtoto akifika miaka 18 anaweza kumjua. Hispania bado inautunza. Nchini Kenya, mbunge Millie Odhiambo amesukuma muswada wa uzazi wa kusaidiwa tangu 2014. Usiri wenyewe unazidi kuwa mwembamba: kipimo cha DNA kinachouzwa mtandaoni hakisomi mikataba ya kliniki.

Mahali ambapo sheria ni chache, mkataba wa kliniki ndio sheria. Tafuta ndani yake kipengele cha viinitete vilivyobaki: ada ya friza ni kiasi gani kwa mwaka, nini hutokea ikicheleweshwa, vinakuwa vya nani wenzi wakiachana au mmoja akifariki, na kama kliniki ikifungwa vitahamishiwa wapi. Kubaliana pia na mwenzako, kabla ya sindano ya kwanza, mtapandikiza mara ngapi kabla ya kusimama, na mwandike namba hiyo. Kliniki ikikataa kutoa nakala ya mkataba uende nayo nyumbani kuisoma usiku mmoja, usitie sahihi siku hiyo.